Ngazi ya Kupandia Tu

Mimi sikuwahi kuiona.
Enzi hizo Kabati la Shangazi Edna likitamba Alhamisi usiku
na Halifax nzima ikizima jiko iwahi viti,
mie sijazaliwa, na kule Korogwe mama yangu
hajaamua bado kama atampenda baba.
Nimehadithiwa tu. Na aliyehadithiwa
naye ana haki ya kucheka.

Hukutana Novemba, ghorofa ya juu ya klabu ya wafanyakazi,
chumba kinachonuka zulia bichi na siki ya chipsi.
Kazi yangu ni kumleta Bi Beryl, ambaye magoti yake hayana breki,
na kukata pai.
Wapo tisa. Walikuwa arobaini.

Wanaanza na Bwana Pumphrey, siku zote Bwana Pumphrey,
msafisha madirisha aliyenunua ngazi kwa bei ya kutupa,
akafika juu, akasoma kibandiko: YA KUPANDIA TU.
Basi akakaa. Raia mwema habishani na kibandiko.
Mkewe akampandishia chai kwa kamba.
Padri akapanda kumpa nasaha, akakwama.
Mtu wa kodi akapanda na faili lake, akakwama.
Daktari wa meno akapanda kwa sababu aliona foleni.

Norris Hebden, dereva wa basi miaka thelathini na mmoja,
husimama juu ya kiti awe Pumphrey,
japo ameonywa hospitali asipande hata kitanda kwa pupa.
Gwilym huwa padri.
Na mke wa Pumphrey, sauti ile ya puani, ile ya chai,
alikuwa Ivy. Hakuna aliyeiweza ila Ivy.

Lakini kilimalizikaje?
Kanda ilifutwa. Wenye kuitunza waliona utepe ni ghali,
wakarekodi juu yake mbio za farasi,
na farasi mwenyewe, asema Beryl, alishika mkia.
Imebaki picha moja: buti mbili na kikapu.
Hapo kila mwamba ngoma huvutia kwake.
Norris aapa ngazi iliuzwa, wote wakiwa juu yake.
Gwilym: hapana, waliimba, mwezi ukapita wakaupisha.
Beryl: mke alirudi dukani kuulizia ya kushukia,
akaambiwa njoo Jumatatu.
Wanarushiana biskuti, watu wenye wajukuu chuoni.

"Ivy angejua," Gwilym akaropoka.

Ivy alizikwa Machi.
Kofia yake ya sufu, ya kijani, wameipa kiti,
wameipa na kikombe, kimeota utando juu.
Norris akashuka kitini polepole
akapangusa makombo ambayo hayakuwepo.

Saa nne mlinzi akazima taa moja,
ndiyo adabu yake ya kufukuza.
Tukavaa makoti. Nje mvua ya Yorkshire,
ile isiyonyesha, inayokaa tu.
Klabu ina ngazi kumi na saba, nyembamba, kuelekea mlangoni
(kwa lugha yangu ngazi ni ngazi,
ya kuegemeza na ya kujengwa, hatukuona haja ya kuzitenga).
Norris akafika ya juu kabisa, akashika chuma, akaganda.
Nikadhani ni goti.

"Hii," akasema bila kugeuka, "ni ya kupandia tu."

Tukangoja. Watu wanane wamebanana na miavuli yao,
na katikati yetu pengo,
kama la jino ambalo ulimi hauachi kulitembelea.
Sijui nani aliniruhusu.
Nikabana pua, mimi wa Korogwe,
nikatoa lafudhi isiyo na nchi yoyote duniani:
"Chai yako inapoa, Bwana Pumphrey."

Yakaanza mabega yake. Kicheko kilikuja baadaye,
kama basi la mwisho.
Kisha akashuka ngazi moja,
akapumua,
ya pili.